Baba Mkwe Langoni

Mimi mdomo wangu hauna breki, lakini siku baba mkwe alipotokea langoni kwangu ulikauka.

Nilikuwa mlinzi kwenye kiwanda cha kukamua alizeti, Singida mjini, na kazi ile niliifanya kwa masharti. Mume wangu aliridhia. Baba yake, mkulima wa Mungaa, alisema mwanamke kubeba kirungu na kupapasa watu ni aibu kwa ukoo. Angekuja kujionea mwenyewe, na akiiona aibu hiyo, narudi kulima. Basi akaja bila taarifa, na magunia yake ya kukamua.

Kuingia hakukuwa na shida. Nilipiga goti na mabuti yangu yale, nikamwamkia shikamoo, akaitikia akitazama pembeni. Shida ilikuwa kutoka. Kila anayetoka hupekuliwa, na kwetu Wanyaturu mkwe hata mkono humpi, sembuse kumwingiza mkono mfukoni! Mafunzoni nako tulionywa: mwanamke hapekui mwanamume, na mtu hapekuliwi bila ridhaa yake. Mwenzangu wa kiume alikuwa amekwenda kunywa chai. Madereva kwenye foleni wakaanza kunichokoza, eti nifumbe macho mzee apite, kwani nani ataona? Sisemi uongo, nilitamani. Ila nikimpitisha yeye, kesho hao hao wangetaka kupita.

Nikasimama mbali naye, macho chini.

"Baba, sheria hainiruhusu kukupekua, wala kukuacha upite hivi hivi. Naomba ridhaa yako umsubiri mwenzangu."

Nikajua jembe linaniita. Mzee akatua dumu lake la mafuta, akalikalia juani, akasubiri. Mwenzangu akaja anatafuna chapati, akampekua kwa adabu, mzee akaondoka bila kuaga. Yule mla chapati nilimpa maneno yake, na mengine ya akiba.

Jioni nikarudi nyumbani roho mkononi. Baba mkwe alikuwa ameketi na mume wangu, anasimulia.

"Kwenye lango lile hata mimi nimekalishwa," alisema, "na hakunigusa."

Nilikuwa nimesimama palepale mlangoni, lakini mkwe haongei na mkwe hovyo. Akamgeukia mwanawe.

"Mwambie mkeo kesho asichelewe kazini."