Pengo la Mlangoni

Siku ya kwanza kazini nilipewa glavu na kuambiwa nisiguse kitu mpaka saa sita mchana. Ghala lilikuwa nyuma ya Guangyuan Xilu, mali ya wakala wa mizigo kutoka Dar es Salaam, na kazi yetu ilikuwa kupakia makontena. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano na kupita miji mingi nikifanya hili na lile. Asubuhi ile, kwa kutazama tu, nilielewa kwamba kupakia ni akili kabla ya kuwa misuli.

Robota ni furushi la nguo lililobanwa kwa mashine na kufungwa mikanda ya plastiki. Marobota mazito hukaa chini, maboksi ya viatu juu, la sivyo hufika bandarini yamepasuka. Ukipanga vizuri, mlangoni hubaki nafasi kidogo. Tuliiita pengo, na kwa desturi ya ghala letu ilikuwa ya wapakiaji: mzigo wetu ulisafiri humo bure.

Mwenzangu alikuwa Kombo wa Tanga, mwili mkubwa, sauti ndogo. Kila Jumamosi alikuja Neema, mwanafunzi Mkenya aliyetutafsiria hati za mizigo. Chuoni alikuwa akisoma riwaya ya zamani kuhusu vibarua wa ranchi, naye alitusimulia tukila. Kibarua mmoja alijisifu kwa sababu aliogopa, mwingine alinyamaza kwa sababu aliijua kazi. Karibu wote waliota shamba lao wenyewe.

"Walinunua nini?" nikamuuliza. "Jembe? Hata msumari?"

"Hawakununua kitu, mzee. Waliongea tu."

"Basi hao ni wavivu wa kuota."

Kombo akacheka. "Na wewe je? Shamba lako liko mfukoni?"

Palepale tukakubaliana kwamba sisi tutaota kwa kununua. Kombo alikuwa na ekari mbili za urithi Muheza, tungelima pamoja. Kwa miaka, pengo baada ya pengo lilibeba waya wa uzio, kisha mabomba ya kumwagilia. Ikabaki pampu. Bila pampu, mabomba yale yalikuwa mapambo.

Viza ya Kombo ilipokaribia kwisha, tukawa na kontena moja tu la kupakia pamoja, na pampu tumeshainunua. Msimamizi mpya wa ghala akachungulia ndani.

"Limejaa. Mei you!" Kwa Kichina, yaani hakuna nafasi.

"Bosi, nipe dakika arobaini."

"Dereva wa kwenda bandari ya Huangpu hangoji."

"Nikishindwa, nitaibeba mgongoni mpaka Tanga."

Akatazama saa, akawasha sigara. Tukashusha safu mbili za mwisho. Marobota yaliyolala tukayasimamisha, yale ya fulana, ambayo ni laini, tukayasukumia kwenye kona kwa magoti. Sigara ya tatu ilipokwisha, pampu ilikuwa ndani.

Kila mzigo huandikwa marki, herufi za mwenye mali, kwa rangi. Ndizo ambazo wapokeaji bandarini huzitafuta. Kombo akanipa brashi.

"Andika zote mbili, yangu na yako."

Nikaandika yake, nikafunika kopo.

"Umesahau yako, ndugu."

"Sijasahau."

"Miaka yote hii ulikuwa unanidanganya?"

"Niliupenda mpango, Kombo. Lakini baada ya miezi miwili ningekuwa nimeshaondoka shambani, na wewe umebaki na jembe langu na hasira."

 Kombo akafunga mlango wa kontena kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mjinga wewe," akasema. "Chumba chako nitakijenga hata hivyo."

Sasa nimestaafu, mgongo umegoma, nakaa karibu na stesheni ya Liuhua. Kombo hupiga simu ya video kunionyesha nyanya na kuuliza nitakuja lini. Mimi namuuliza maji yanafika mpaka mstari wa ngapi. Wale vibarua wa riwaya niliwahukumu haraka, maana mimi pia ni mtu wa kuota tu. Tofauti ni kwamba najua kupakia. Wiki ijayo napanda treni kwenda Yiwu, kutazama tu. Nasikia wapakiaji wa huko huanzia mlangoni badala ya ndani kabisa, na sielewi inawezekanaje.