Kidonge cha Futari

Simu ilikuwa juu ya mto, na Saida alikuwa ameikodolea macho tangu watu warudi kutoka tarawehe. Aliiwasha kuona kama chaji bado ipo, akazima mwanga, akaiwasha tena. Ng'ambo ya maji, Kilwa Kisiwani, mwanawe Maftaha alikuwa amepinda shingo, na habari aliyopewa ilikuwa nusu nusu: "Kashikwa, mkwe. Tunamshughulikia. Tutakupigia." Aliyesema hivyo ni Kadija, mama mkwe wa Maftaha, naye alisema kwa sauti ya mtu anayekimbia.

Kashikwa na nini? Usiku huo hapakuwa na wa kumuuliza. Boti hazivuki gizani, na Bakary, mume wa Maftaha, alikuwa mjini Mtama kwenye biashara yake ya ufuta. Saida alipompigia, Bakary alisema tu, "Mama, mzee wangu yupo nyumbani. Atakaloamua yeye ndilo hilo."

Pale Kilwa Masoko, Saida anajulikana kwa mambo mawili: vidole vyeusi vya kubangua korosho, na woga. Wanawake wenzake bandani humcheka. "Saida, kenge kapita juu ya paa, hebu kamuulize kama kaleta msiba!" Naye hucheka pamoja nao, kisha huenda kutazama paa. Hakuzaliwa hivyo. Kabla ya Maftaha zilimtoka mimba tatu, na Maftaha alipokuja, mama yake alilala miaka na kiganja juu ya mbavu za mtoto, asikie kama zinapanda na kushuka. Shule aliishia darasa la tano, lakini hakuna karatasi inayoingia ndani mwake asiyoisoma, hata ya sabuni.

Ndiyo maana mwishoni mwa Shaaban, Maftaha alipokuwa na mimba changa na chakula hakikai tumboni, Saida alivuka mwenyewe kwenda kumchukua. Akampeleka hospitali. Muuguzi Stefania, binti wa Kimatumbi mwenye maneno machache, akawapa vidonge vya kuzuia kutapika. Metoklopramidi, Saida aliisoma herufi kwa herufi. Kimoja mara tatu kwa siku, nusu saa kabla ya kula, kwa siku tano na si zaidi. Hayo yote yalisemwa na yote yaliandikwa. Habari ya kufunga haikutajwa na mtu, kwa kuwa mwezi ulikuwa haujaandama, na mjamzito anayeumwa ana ruhusa yake.

Lakini Maftaha hakuitaka ruhusa. "Nikila natapika, nisipokula natapika," alimwambia mama yake kwenye simu, mwezi ulipoandama. "Si bora nifunge nipate thawabu za matapishi yangu?" Wakacheka wote wawili. Saida aliusikia mzaha, akamezwa nao, hakuuliza la pili.

Wakati wa daku simu ikalia.

"Mkwe, hajambo kidogo," Kadija alisema. "Shingo bado imekwenda upande, na macho yanapanda juu kama anaitwa darini. Ulimi umekuwa mzito. Wanasema jini. Tumemwita mwalimu wa kisomo, yuko naye."

"Anakula?"

"Dawa anameza, hilo usiwe na shaka. Nimesimama naye tangu mfungo uanze. Akifuturu, kimoja. Akitaka kulala, kimoja. Daku, kimoja. Akitapika namrudishia kingine palepale, siwezi kumwacha na tumbo tupu. Huyu ni mwanangu pia, Saida."

"Najua, mkwe. Najua."

Simu ilipokatika Saida alibaki ameishika. Kitu kilimkaa vibaya na hakujua ni kitu gani. Dawa ya mchana kutwa ilikuwa imesukumwa yote ndani ya usiku mmoja, na nyongeza juu yake. Alisali alfajiri bila kujua ni rakaa ya ngapi, akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi za hospitali mpaka Stefania alipoingia zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yule binti yangu wa kutapika."

Stefania alisikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani. Aliuliza shingo imepinda upande gani, macho yanaangalia wapi, na vidonge alivimeza vipi. Saida alipofika kwenye futari, kulala na daku, muuguzi akautua mkoba chini.

"Mama, hilo si jini. Hiyo ni dawa imemzidi. Kidonge na kidonge vinatakiwa vipishane saa sita au zaidi, na akitapika harudishiwi, anasubiri saa yake. Ni dawa nzuri, lakini wasichana wa umri wake huwa inawakamata hivi, wakati mwingine hata wakiimeza sawasawa. Na huyu mwili wake hauna maji. Mngeniambia anafunga ningempangia vingine."

"Alikuwa hafungi. Mwezi ulikuwa haujaandama."

Stefania aliandika namba yake ya simu kwenye karatasi, akampa. "Mlete leo. Tukimchoma sindano ya kulegeza misuli, shingo inarudi ukiwa unaitazama. Na kuanzia sasa hivi asimeze kidonge kingine, hata nusu. Mkazo huo ukifika kooni unaweza kumbana pumzi. Umenielewa?"

Saida alielewa. Tangu ajue kusoma hajawahi kuelewa neno kama alivyolielewa lile. Alimpigia Kadija papo hapo, simu imezimwa. Akapiga akielekea ufukweni, imezimwa. Hasani, mwenye boti, alimvusha bila kusubiri abiria wengine, akamwambia atamngoja mpaka jua litue; likishatua, havuki na mgonjwa.

Nyumba ya wakwe ilikuwa na watu barazani. Chumba cha Maftaha mlango wake unafungukia ukumbini, na mbele yake, kwenye kiti cha kamba, alikaa mzee Abdulwahab, baba mkwe, tasbihi mkononi. Ndani, walikokuwa Maftaha na Kadija, kisomo kilikuwa kinakwenda. Harufu ya ubani ilipita chini ya mlango.

"Mkwe, nifungulie. Nimetoka hospitali. Ni vile vidonge."

Mzee alimkaribisha kwanza, akaulizia safari, akaomba mkeka uletwe. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu kakataza. Mlango ukifunguliwa kabla hajamaliza, kilichomshika yeye kinaingia kwenye mimba. Anamaliza magharibi."

"Hakuna kilichomshika! Mwezi huu si tunaambiwa mashetani wamefungwa minyororo? Huyu wa kwetu kafunguliwa na nani?"

Barazani mtu akacheka. Alikuwa Hamida, jirani, mwanamke asiyeacha neno lipite. "Mama Maftaha, waliofungwa ni mashetani. Majini Waislamu wako huru, tena wanafunga kutushinda sisi. Huyu nadhani kakuta mtoto anafunga akaona kapata mwenzake wa kufuturu naye."

"Hamida, mwanangu anaumwa."

"Samahani, dada," Hamida alisema, na kweli aliona haya.

Saida akampigia Stefania, akampa mzee simu. Mzee aliiweka sikioni kwa adabu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, binti, Mungu akuzidishie," akairudisha. "Anaongea vizuri. Lakini haya mambo yetu, mtoto yule atayajulia wapi?"

Ndipo Saida akaenda mlangoni, akaweka mdomo kwenye ufa. "Kadija! Kadija, mkwe wangu, usimpe tena vile vidonge!"

Kisomo hakikusimama. Ila Kadija alisogea. Sauti yake ilitoka karibu, upande wa pili wa ubao. "Saida, usipige kelele, unamtia hofu."

"Ni dawa imemzidi. Muuguzi kasema mwenyewe. Ndiyo inayomvuta shingo."

"Dawa ya tumbo na shingo wapi na wapi? Na mliileta wenyewe, wewe na hospitali yenu, mkaniambia asikose. Nimkatie leo atapike mpaka mimba itoke, nimwambie nini Bakary?"

"Mwambie mimi ndiye niliyekukataza."

Kadija alikuwa analia. Saida aliisikia pua yake. "Siwezi," Kadija alisema. "Nikikosea siwezi kuishi humu ndani."

Halafu ikaja sauti nyingine, kutoka chini, kama mtu anayeongea na kitambaa kimejaa kinywani. Haikuwa na neno ndani yake. Saida aliijua. Ilikuwa inajaribu kusema mama.

Mlango ule haukuwa wa ajabu. Mbao zake zimekwisha kwa mchwa upande wa chini, na komeo ni la chuma chembamba. Saida aliyaona yote hayo. Mtu akiujia kwa bega, akarudia, utakubali. Mzee asingemshika, ni mtu wa miaka mingi na mwenye haya. Lakini bega la Saida halikusogea, na sababu yake hakuweza kumwambia Stefania wala mtu yeyote. Zile mimba tatu zilizomtoka, moja ilitoka siku alipokaidi neno la bibi yake akafungua chumba alichoambiwa asifungue. Anajua ni upuuzi. Ameshajiambia mara nyingi ni upuuzi. Na bado mguu ulibaki pale pale kwenye sakafu, ukiuliza: na kama si dawa? Na kama ni kweli, ukafungua, ukamuua mjukuu kwa mkono wako?

Akakaa chini, mgongo ukutani, akabembeleza. Alimbembeleza mzee kwa jina la Mungu, kwa jina la Bakary, kwa jina la mtoto asiyezaliwa. Mzee alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, tasbihi inazunguka. Mara moja aliinuka kabisa, mkono ukaelekea mlangoni, akaita, "Mwalimu?" Kisomo kikapanda juu. Mzee akakaa tena. "Bado kidogo tu, mkwe. Akimaliza, mimi mwenyewe nitambeba mpaka kwenye boti."

Jua lilishuka. Kijana kutoka ufukweni akaja kuuliza kama mgonjwa yuko tayari, Hasani anaulizia. Mzee akamwonyesha mlango kwa tasbihi, kijana akaondoka.

Adhana ikaanza. Nyumba nzima ikashusha pumzi, vikombe vikagongana, na mzee Abdulwahab akachagua tende kubwa kwenye sahani, akamwekea Saida kiganjani. "Futuru kwanza. Umeshinda na njaa na huzuni pamoja."

Saida hakuipeleka mdomoni. Ndani, kisomo kilikuwa kimenyamaza, na katika kimya hicho alisikia mlio mdogo mkavu wa karatasi ya vidonge inapopasuka. Kisha kijiko kikasaga kitu ndani ya bilauri, taratibu, kwa mkono wa mtu mwangalifu anayeogopa kumwaga.

"Kadija, usimpe!"

"Fumbua mdomo, mwanangu," Kadija alikuwa anasema, kwa sauti ya kumwimbia mtoto. "Nimekusagia, hakitakukwama. Kidonge kwanza, uji baadaye. Hivyo. Hivyo hivyo, mama."

Saida akainuka. Tende ikaanguka. Aliupiga mlango kwa viganja viwili, akaupiga kwa bega, sasa bila kujali cha mimba wala cha bibi, akaupiga mpaka vumbi la mchwa likamwagika miguuni mwake, na watu wa barazani wakaja kumshika mikono wakimwambia apunguze hasira, huu ni mwezi mtukufu. Ndani mwalimu alianza upya tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi ya ile ya mchana, na mtu, hakujua ni nani, akauegemeza mgongo wake kwenye mlango kwa upande wa ndani ili usifunguke.