Juisi ya Naima na Vikombe Vitatu vya Mkuu

Naima alikuwa na ugonjwa mmoja tu, hakujua kusema hapana. Alikuwa nahodha wa netiboli, katibu wa midahalo, kiongozi wa kaswida, na kiranja wa afya aliyejua kuliko nesi nani anaumwa kweli na nani anakimbia mtihani wa hesabu. Alikuwa kidato cha sita, binti wa mkulima wa korosho wa Chilangala, mwembamba, daftari kwapani muda wote. Ukimtafuta uwanjani unaambiwa katoka sasa hivi. Ukienda kwenye mdahalo unaambiwa anakuja sasa hivi. Mimi nilikuwa mlezi wa nusu ya klabu hizo, kwa hiyo ile "sasa hivi" yake naijua vizuri.

Oktoba mwaka jana alinifuata maabara.

"Shikamoo, Madam Yasinta."

"Marahaba. Sema." Nilikuwa nasahihisha madaftari ya kemia, na nikisahihisha sina adabu.

Akaniwekea fomu mezani. Ulikuwa ufadhili wa kusomea teknolojia ya chakula, chuo cha nje ya nchi, kila kitu bure. Alikuwa amejaza kurasa zote kwa mwandiko wake mzuri isipokuwa sehemu moja: taja jambo uliloanzisha mwenyewe shuleni kwako.

"Klabu zote nilizomo nilizikuta, madam. Nataka kuanzisha yangu."

"Lini?"

"Leo."

"Wewe mtoto, huna hata muda wa kula."

"Ndiyo maana nimefikiria klabu ya juisi."

Nilicheka, na nikishacheka nimeshashindwa. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza. Newala nzima watu walikuwa wakiokota, wakinyofoa korosho na kuliacha bibo, tunda lake, lioze chini ya mkorosho. Naima alitaka kuyakamua mabibo hayo, kuyachuja, kuyachemsha na kuyafungasha. Nilimpa sharti moja: ukikamua, chemsha siku hiyo hiyo. Aliliandika daftarini akalipigia mistari miwili.

Nilimwambia waziwazi kwamba klabu yake ni ya fomu tu. Hakubisha. Lakini wiki ya tatu nilimkuta peke yake jikoni, wenzake wameshaondoka, akipima maji ya mchele kijiko kwa kijiko kuona ni kiasi gani kinaondoa ukakasi wa bibo. Fomu haikuuliza habari za ukakasi.

Sasa nimlete mkuu wetu wa shule, Mwalimu Nikolao. Ni mtu wa Njombe na ni mlokole. Kila Jumatatu kwenye paredi alikuwa na sentensi yake: "Mimi mnayeniona hapa, tangu nizaliwe sijaonja pombe, hata kwa bahati mbaya." Sisi walimu tulikuwa tukitazamana. Njombe kuna ulanzi, pombe ya mianzi, jamani, tunajua. Mimi kwa miaka tisa nilimhesabu kuwa mwongo wa heshima.

Ufadhili ulitaka barua ya mkuu. Naima alipoenda kuiomba, mkuu alimwambia Jumamosi kuna mahafali ya kidato cha nne, na juisi ya meza kuu itatoka klabu yake. "Mambo yakienda vizuri, Jumatatu asubuhi nasaini," alisema. Mwisho wa kutuma maombi ulikuwa Jumatatu hiyo hiyo, saa sita mchana.

Alhamisi jioni klabu ikakamua ndoo mbili. Kabla jiko halijawashwa, Naima akaitwa netiboli. Netiboli ilipoisha akaitwa mdahalo. Kisha ikaja simu kwamba cheti chake cha kuzaliwa kiko tayari Masasi, akachukue kesho. Akafunika ndoo stoo, alfajiri akapanda gari. Masasi alikaa kwenye benchi hadi alasiri, akarudi Newala jua limezama, akaingia moja kwa moja kwenye mazoezi ya kaswida ya mahafali. Jumamosi asubuhi alichuja, akatia sukari na ndimu, akapeleka meza kuu. Hakuonja hata tone, maana alikuwa akilipa funga yake ya Ramadhani.

Mimi nilikuwa nimezama kwenye vyeti vya wahitimu. Kikombe kilinifikia hapo hapo meza kuu. Nilipiga funda moja nikajikuta Lukuledi, uani kwa bibi yangu mzaa mama, nina miaka saba, nimejificha na kata nyuma ya mtungi. Bibo lililokaa siku moja na nusu kwenye joto letu si juisi tena. Ni uraka, pombe ya mabibo, na ule ulikuwa uraka mzuri.

Niliangalia meza. Mama Scholastika, mwenyekiti wa bodi, alikuwa amefumba macho. "Mmh," alisema, "imekomaa." Ustadhi Abdulatifu, mwalimu wa dini, alinusa, akasogeza kikombe taratibu, akaomba maji. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema, kwa sababu anayesema anakiri kwamba ladha hiyo anaifahamu.

Mkuu peke yake alikunywa kama mtu anayekunywa juisi. Akaongezwa. Akaomba cha tatu, akamsifu Naima kwenye kipaza sauti. Ngoma za wahitimu zilipoingia uwanjani, alivua koti akaenda kutikisa mabega, na wanafunzi walipiga kelele mpaka paa la bwalo likaitika. Hapo ndipo nilipoamini, kwa aibu, kwamba mkuu wetu kweli hajawahi kuonja pombe.

Jioni nilimwambia Naima. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kwa hiyo nimemnywesha mkuu pombe."

"Umemnywesha. Sasa nyamaza. Barua iko mezani kwake, Jumatatu anasaini. Akishasaini utatubu ukiwa ndani ya ndege."

Alifungua daftari lake. "Na kwenye fomu niandike nini, madam? Kwamba wageni walifurahi?"

Nilikasirika. Nilimwambia ana kichwa kigumu, na safari ikimponyoka asije kulia kwangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwogopea, na najiogopea mimi pia, mlezi wa klabu.

Jumatatu kabla ya paredi nilimsindikiza hadi mlango wa ofisi ya mkuu, na hapo mlangoni nikabaki. Nilisikia shikamoo na marahaba. Kisha Naima alieleza yote, Alhamisi, Masasi, ndoo, bila kumsingizia mtu.



"Nilikunywa vingapi?" mkuu akauliza.

"Vitatu, mwalimu."

"Na nilicheza."

"Ulicheza vizuri, mwalimu."

"Nenda paredi."

Nilichungulia. Barua ilikuwa mbele yake, haijasainiwa. Aliichukua akaichana katikati.

Kwenye paredi mkuu alizungumzia usafi, akazungumzia nidhamu, akafika kwenye sentensi yake. "Mimi mnayeniona hapa, tangu nizaliwe sijaonja pombe..." Akasafisha koo. "Kwa makusudi," akamalizia, akashuka jukwaani. Ustadhi Abdulatifu alikohoa vibaya sana.

Saa tano na nusu mkuu aliingia maabara akiwa na karatasi moja, imeandikwa kwa mkono, imepigwa mhuri. Mtandao wa ofisi ulikuwa umekatika, akataka niwatumie wafadhili barua ya Naima kwa simu yangu. Barua aliyoichana naijua, ni ile ile aliyowaandikia wote kwa miaka tisa, mtiifu na mwenye bidii. Hii ilikuwa mpya. Niliinyoosha juu ya meza ili niipige picha, na mtu hawezi kupiga picha barua asiisome. Katikati ilisema: "Mwanafunzi huyu alikuja kuniambia kosa lake, akijua linaweza kumnyima barua hii. Meza nzima ya watu wazima ninaowaheshimu ilijua jambo hilo, na hakuna aliyenieleza."

Niliisoma mara mbili. Mkuu alikuwa bado amesimama hapo.

"Kuna kosa, madam?"

"Hakuna, mkuu," nikasema, nikaituma.