Kuta Nyeupe za Gahanga

Mtu akiniambia kwamba rangi nyeupe inatuliza moyo, huwa namtazama vizuri nione kama anaishi na watu au anaishi na viti. Mimi nimeishi ndani ya hiyo nyeupe. Sijawahi kukaa kwenye nyumba yenye ugomvi kama ile, na nimelelewa Bujumbura, kwenye ua ambao familia nzima nzima zilichangia bomba moja la maji.

Tulijenga Gahanga, kule ambako Kigali inaishia na mashamba ya mihogo yanaanza. Barabara yetu ni ya udongo, na udongo wenyewe ni mwekundu. Wakati wa kiangazi haungoji gari lipite ndipo utimke. Ukifungua dirisha kidogo tu, umeshaingia na kukaa. Kila aliyejenga huko analijua hilo. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, halijui, kwa sababu yeye anakaa Kacyiru kwenye lami na kwetu huja Jumapili baada ya misa. Lakini katika familia ile hakuna jambo linaloamuliwa kabla yeye hajasema lake.

Nilikuwa nimeomba kitu kimoja tu, mkanda wa chini. Nyumba nyingi nilizozijua, ukuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno ulipakwa rangi ya mafuta ya giza, kahawia au kijani kilichokolea, ili vidole vya watoto, migongo ya wageni na maji ya kudekia vipite bila kuzua kesi. Wifi alisema hayo ni mambo ya shule na zahanati. Akatoa simu yake akatuonyesha nyumba za watu ambao bila shaka hawana watoto. Akatufundisha kwamba nyekundu huleta hasira, njano huleta njaa, kijani huleta usingizi, na nyeupe huleta amani. Mume wangu aliitikia kila rangi kwa kichwa. Fundi akapaka nyeupe sebuleni, kwenye korido na vyumbani, kutoka sakafuni hadi darini.

Siku ya kutaha nyumba, yaani kuizindua, wageni walifika na kreti zao za soda na bia kama ilivyo desturi, wakasifu mpaka wakachoka. Kisha wakakaa wameinama mbele, kila mmoja akiogopa kuegemea. Wifi alipita katikati yao akitabasamu, akasema mnaona jinsi watu walivyotulia.

Nyumba niliyokulia ilipakwa chokaa iliyochanganywa na bluu ya kufulia. Ilikuwa haishiki. Aliyeegemea ukuta aliondoka na mgongo wa bluu, na huko barabarani watu walijua mara moja ametoka kwetu. Mama yangu alikuwa akimsindikiza mgeni hadi mlangoni huku akimpangusa mgongo na kumcheka. Sikumbuki hata siku moja mtu kuambiwa akae wima.

Mama huyo ndiye aliyekuja kuishi nasi Gahanga baada ya kupata kiharusi. Mguu na mkono wa kushoto ilikuwa mizito. Daktari alisema atembee kila siku, asipotembea mguu utakauka na hatasimama tena. Fimbo aliikataa, alisema ukishika fimbo watu wanaanza kukusemesha kama mtoto. Alitembea kwa ukuta. Kiganja cha kulia kiliegemea ukuta wa korido, kutoka chumbani kwake hadi varandani, na wakati wa kurudi kikaegemea ukuta wa upande wa pili. Mimi nilikuwa napika huku nasikiliza ule mguu ukiburuzwa, na moyo wangu ulikuwa unashiba.

Kuna jambo lazima lisemwe hapa. Kwetu mama mkwe hakai kwa mkwewe. Anafika, anaheshimiwa, anapewa kiti kizuri, anarudi kwake. Mama alilijua hilo kuliko sisi sote. Mume wangu akiwa nyumbani, alikula chumbani, na chakula kikikosa chumvi alikila hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo humwambii kitu mara mbili. Hata mara moja ni nyingi.

Kiangazi hakikufika katikati kabla mstari haujaonekana kwenye korido, usawa wa kiganja, kila upande. Mwanzoni hakuna aliyesema. Kisha mume wangu alinunua sponji. Kisha akawafundisha watoto kupita katikati ya korido mikono ikiwa kifuani, kama wanakwenda kupokea komunyo. Mwanaume ambaye tangu tuoane hakuwa amepaza sauti, sasa alirudi kutoka kazini akakagua ukuta kabla ya kutusalimu. Watoto wakaanza kushtakiana, hiki kidole ni cha nani, hiki ni cha nani. Nami ofisini nilikuwa najikuta nawaza ukuta badala ya kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa amani yetu.

Jumapili moja wifi alisimama kwenye korido, akautazama ule mstari, akacheka. Akasema kwa Kinyarwanda, ambacho sisi wa Bujumbura tunakielewa, kwamba mikono ya wazee ina mafuta, na kwamba fundi arudi. Hakumwambia mama. Aliyasema juu ya kichwa chake, kana kwamba anaongea juu ya kabati. Mama alikuwa palepale, kiganja ukutani. Aliushusha mkono wake taratibu na kuuficha ndani ya kitenge.

Nilimjibu wifi. Niliyomwambia siyarudii hapa, wala siyajutii. Aliondoka bila kunywa chai.

Tangu siku ile mama aliacha kutembea. Mara mguu unauma, mara kuna baridi, mara atatembea kesho. Alikaa kitandani akitazama dirisha, na mguu ukaanza kukakamaa kama daktari alivyosema. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikambembeleza, nikamgombeza. Alitikisa kichwa tu. Usiku nililala kando ya mume wangu nikimchukia yeye na dada yake na ndoo zao za rangi, chuki ya kweli kabisa, na asubuhi nikamtengenezea chai.

Kisha siku moja umeme ulikatika ofisini, nikarudi mapema kwa pikipiki. Nilipofungua geti nilisikia mguu unaburuzwa. Nilifurahi mpaka nikaacha mkoba wangu uani. Nilimkuta katikati ya korido, amejishikiza ukutani kama zamani, ila mkononi alikuwa amevaa soksi. Soksi nyeupe ya shule, ya mjukuu wake, ameivuta hadi kwenye kifundo.

Nikamuuliza, "Mama, hii ni nini?"

"Sitaki kuchafulia mutoto wa watu nyumba yake," alisema. "Mukono yangu iko na mafuta. Na wewe usigombane tena na watu juu yangu."

Nilimvua ile soksi nikaigeuza. Upande wa kiganja ulikuwa mwekundu, wekundu uleule wa barabara yetu. Mkono wenyewe ulikuwa safi kabisa na ulinukia sabuni. Kumbe alikuwa akinawa kabla ya kila safari. Uchafu ulikuwa wa ukuta. Mama yangu, kwa mkono wake mmoja uliobaki mzima, alikuwa anawapangusia vumbi lao.

Mume wangu aliporudi nilimwekea ile soksi mezani kando ya sahani. Nikamwambia hiyo ndiyo nyeupe ya dada yake, aiangalie vizuri, na kwamba mama yangu sasa ndiye sponji ya nyumba hii. Aliishika akaigeuza. Kisha akasema kwa upole, "Mama watoto, lakini ni ukuta tu."

Ni ukuta tu. Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri miezi yote ile, ayaseme mbele ya dada yake, na mama ayasikie. Akaja kunipa mimi.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu walipomaliza kusafisha mitaro na maduka yakafunguliwa, nilikwenda kununua rangi ya mafuta, kahawia, ile mbaya kabisa waliyokuwa nayo. Sikuita fundi. Nilipaka mwenyewe, kuanzia mlango wa mama hadi varandani, kuta zote mbili. Mstari wa juu ulipinda, matone yakaanguka sakafuni, na harufu ikajaa hadi kwenye sufuria. Mume wangu aliwachukua watoto akaenda nao kwa dada yake. Hakunizuia, na hakushika brashi.

Wifi alipokuja kuona alisema nyumba imekuwa zahanati. Nikamwambia ni vizuri, kwa sababu tuna mgonjwa.

Sasa watoto wanaegemea wanapotaka. Mume wangu anatusalimu kwanza. Wako watakaosema kahawia imetuliza nyumba, na wifi mwenyewe, nimesikia, ameshaanza kueleza kwamba rangi ya udongo huleta undugu. Haijaleta kitu. Imeficha tu vidole vyetu, na watu wasipoona vidole hawana la kusema. Mimi niliwaona walivyokuwa walipokuwa wanaona, na sijasahau.

Rangi ilipokauka nilimleta mama kwenye korido. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile soksi, akaanza kuivaa.

"Ivue, mama," nilimwambia. "Hapa hata ukishika na masizi hayaonekani."

Aliutazama ukuta, akanitazama mimi.

"Wakirudishaka ile nyeupe, mukono itakuwa imezoea vibaya," alisema. "Wacha tu ikae."

Bado anaivaa. Mguu unaendelea vizuri, daktari amefurahi, na mimi hufua ile soksi pamoja na sare za watoto. Kila jioni anakwenda na kurudi kando ya kahawia yangu iliyopinda, mkono umefunikwa. Akisikia geti linafunguliwa anaivua haraka kwa meno, anaisokomeza mfukoni, na kusimama katikati ya korido bila kushika popote, mpaka mkwewe apite.