Sauti Iliyokomea Sita

Fundi Miwani alifika umri wa miaka hamsini bila kuoa, na kila mwanamke aliyemfikiria kwa ndoa aliwekewa kaseti ileile aisikilize. Wa kwanza alilala kabla ya dakika ya tano. Wa pili alisubiri kwa adabu, akasubiri tena, kisha akauliza hawa watu wataanza lini kuimba. Fundi hakuwakasirikia. Aliwasindikiza hadi kituo cha basi, akarudi kusaga vioo vyake, na mambo yakaishia hapo.

Wa tatu alikuwa Bi Koma. Jina hilo alipewa na makarani wenzake wa mahakama, kwa jinsi alivyokuwa haachi alama hata moja ipotee. Kazi yake ilikuwa kuvaa visikilizio, kukanyaga kanyagio la mashine ya kurudisha kanda nyuma na mbele, na kupiga chapa kila neno lililosemwa mbele ya hakimu, pamoja na vikohozi na viti vilivyovutwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameandika neno “haisikiki” mara nne tu, na mara zote nne alimwita msimamizi asikilize kwanza. Jambo hilo alimweleza Fundi katika wiki ya pili ya kujuana kwao, na alilieleza kwa fahari, kama mwingine anavyotaja shule walizosoma wanawe.

Walijuana kwa sababu ya skrubu. Mguu wa miwani yake ulichomoka akiwa kazini, akaenda kwenye kibanda cha vioo kilicho nyuma ya kiwanda cha uchapaji, na mtu mrefu mwenye vidole vyembamba akamtilia skrubu mpya huku akimuuliza kama masikio hayamuumi. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za masikio. Baada ya miezi mitano ya kutembeleana, Fundi alimwambia kwamba Jumamosi atamsikilizisha kitu, na kwamba akikimaliza, atamuuliza jambo.

Bi Koma alikuwa na miaka arobaini na mitatu na alilijua jambo hilo. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alilijua pia, na hakumwachia hata nafasi ya kupumua.

“Wenzako wanapelekwa kula, wewe unapelekwa kusikiliza kaseti,” alimwambia siku ile akimpigia pasi gauni. “Haya dada, ukisinzia jifinye. Ukishindwa kabisa, tikisa kichwa kama mtu anayeelewa.”

Bi Koma alicheka, lakini kwa hakika alikuwa ameamua kujikaza kisabuni. Alimtaka yule mwanamume.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na vyumba viwili alimoishi Fundi. Dirisha la cha mbele lilitazamana na ukuta wa kiwanda, umbali wa hatua mbili, hivyo mwanga wa alasiri uliingia ukiwa tayari umechoka. Kulikuwa na viti viwili, meza, na redio kaseti kubwa yenye kidude cha namba zinazozunguka. Fundi alifunga mlango, akaeleza.

Ilikuwa roki ya progresivu, alisema, muziki wa vijana wa zamani wa nchi za mbali waliochoshwa na wimbo wa dakika tatu, wakatunga mmoja wa dakika ishirini na mbili, unaojaza upande mzima wa santuri. Unaanza na kinanda peke yake, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba asiyoijua. Gita linafuata, na ngoma, na filimbi. Kisha vyote vinazima na kuanzia pengine kabisa, na ule utamu ulioupenda mwanzoni haurudi mpaka umekwisha kuusahau. Zaidi ya hayo, mguu hauwezi kuufuata. Nyimbo nyingi huenda kwa mapigo manne. Huu ulikwenda kwa saba, na mguu uliozoea nne ulibaki hewani kila mara, ukitafuta mahali pa kukanyaga.

“Usiukimbilie,” alimwambia. “Uache ukuzunguke. Marehemu kaka ndiye aliyenionyesha. Yeye alikuwa akijifunza kuupiga, kwa vijiti viwili juu ya meza hii hii.”

Akabonyeza.

Bi Koma hakusinzia. Anakumbuka kwamba kufikia dakika ya sita alikuwa ameshika ukingo wa kiti, na kwamba mahali ngoma zilipoingia baada ya kimya, mwili ulimsisimka. Katika kimya cha pili, filimbi ikiwa peke yake, alisikia mtu akihesabu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, chini sana, nyuma ya muziki kama mtu wa chumba cha pili. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha kimya cha pigo moja. Kisha moja tena.

Alidhani ni Fundi, akageuka. Midomo ya Fundi ilikuwa ikicheza kwa mpigo uleule, neno kwa neno, lakini hakuna sauti iliyotoka kinywani mwake. Sauti ilitoka kwenye spika. Ilipofika sita ikanyamaza, na midomo ile, peke yake, ikatamka saba.

Wimbo ulipokwisha, Fundi alimtazama kwa uso wa mtu aliyeweka karata zake zote mezani. Akamuuliza amesikia nini.

Angeweza kusema ni mzuri, na ingekuwa kweli. Lakini alikuwa ameulizwa amesikia nini, na swali hilo alikuwa akilijibu kwa kiapo kila siku ya kazi.

“Ni mzuri kuliko nilivyotegemea,” alisema. “Ila huyu anayehesabu ni nani?”

Fundi alidhani ni utani. Alipoona si utani, akarudisha kaseti, akaweka sikio kwenye spika. Sauti ilihesabu, Bi Koma akainua kidole kila ilipotamka, na Fundi hakusikia kitu. Akarudisha tena. Mara ya tatu alizima redio kwa nguvu kidogo. Alisema aliurekodi wimbo huo mwenyewe, peke yake, katika chumba hiki hiki, siku ya tisa baada ya kumzika kaka yake. Hakukuwa na mtu wa kuhesabu. Alikuwa ameusikiliza kwa miaka thelathini na moja na anaujua kama kiganja chake.

“Midomo yako inamfuata,” Bi Koma alisema.

“Midomo yangu?”

“Inamfuata. Halafu akiishia sita, wewe unamalizia.”

Fundi alifungua kifuniko cha redio. Kisha akatoa kaseti, akaitia katika kijaluba cha miwani, akampa. Alisema maneno ya kejeli kidogo na ya kuumia kidogo: aende nayo kazini, aiandike kama ushahidi, na akileta karatasi, ataamini. Lile jambo alilokusudia kumuuliza hakuliuliza. Alimsindikiza hadi kituoni.

Mdogo wake alipoyasikia hayo alishika kiuno. “Mtu amekaa miaka yote hiyo hana mke, kakuchagua wewe, na wewe unamletea marehemu? Dada, kesho mwambie ulisikia jenereta.”

Siku ya kazi, saa ya chakula, ofisi ilipobaki na feni tu, Bi Koma alitoa kaseti kijalubani na kuikagua kabla ya kuitia mashineni, kama ilivyokuwa desturi ya kazi. Haikuwa na jina. Mgongoni mwake, pale penye vishimo viwili ambavyo mtu huvunja vijiplastiki vyake asipotaka kilichomo kifutwe, vijiplastiki vilikuwa vimevunjwa. Na juu ya vishimo palibandikwa selotepu, iliyogeuka rangi ya chai kwa uzee.

Alielewa mara moja, kwa kuwa alishaona kesi mbili za namna hiyo. Mtu wa kwanza alitaka kilichomo kilindwe. Mtu wa pili aliziba vishimo ili arekodi juu yake. Na mashine iliyotumika ilikuwa mbovu, haikufuta sawasawa. Cha zamani kilibaki chini ya kipya. Kadiri miaka ilivyopita muziki ulichakaa, na kilichokuwa chini kikaanza kujitokeza.

Maelezo hayo yalimtuliza, ila jambo moja lilikataa kuingia ndani yake. Yule mtu alikuwa akihesabu kwa kufuata santuri ileile, hilo sawa; lakini mikono miwili tofauti, katika siku mbili tofauti, haiwezi kuanzisha mashine kwa nukta moja. Hata hivyo hesabu na ngoma vilikwenda sawa tangu mwanzo hadi mwisho, bila kupishana hata kwa unywele.

Alikanyaga kanyagio na kuandika, akifuata namba zinazozunguka za mashine. Namba 214, sauti ya mwanamume, anahesabu hadi sita. Namba 231, anahesabu hadi sita. Namba 260, anahesabu, anacheka, anaanza upya. Kwenye namba 388, muziki ulipokwisha na kubaki mvumo mtupu wa kanda, sauti ilisogea karibu, kama mtu aliyeinamia chombo, ikasema. Alirudisha mara sita, na kila mara maneno yalikuwa yaleyale, wazi kabisa.

Vidole vyake vikapiga: “Namba 388. Sauti ya mwanamume. Haisikiki.”

Hakumwita msimamizi.

Jumamosi iliyofuata Fundi alivaa miwani yake ya karibu na kuisoma karatasi ile yote, taratibu, kuanzia juu. Bi Koma alikaa kwenye kiti kilekile. Alikuwa amejiambia njia nzima kwamba anamhurumia. Lakini chini ya huruma hiyo alijua lipo jingine: kwamba mwanamume akishaambiwa maneno yale na mwanamke, huenda asiweze tena kumtazama mwanamke huyo.

Fundi alifika mwisho. Akarudia mstari wa mwisho. Akavua miwani.

“Hii ni ya tano.”

Bi Koma alitazama kijaluba kilichokuwa mezani.

“Miaka kumi na tisa, mara nne. Hii ya tano. Msimamizi amesikiliza?”

“Hapana.”

“Basi nisomee.”

“Haijaandikwa, Fundi.”

“Najua haijaandikwa. Nisomee.”

Akamsomea, kwa sauti bapa ya mahakamani, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kumsaidia. “‘Mdogo wangu, ukiikuta hii usifute. Kila nikifika sita napotea. Ukitoka shule, njoo tuhesabu wote.’”

Kiwandani kwa jirani mitambo ya uchapaji ilikuwa imesimama, na chumba kilikuwa kimya kama kimetiwa pamba. Fundi alitoa kaseti katika kijaluba. Aligusa selotepu kwa ncha ya kidole, na alipozungumza, aliizungumzia hiyo selotepu. Mwenye santuri, mwalimu wa mtaa wa pili, alikuwa ametuma ujumbe kwamba anaitaka santuri yake kabla ya jioni. Kaka alikuwa amekufa kwa homa ya siku nne, na yeye, mwenye miaka kumi na tisa, hakutaka muziki ule nao uondoke. Kaseti tupu haikuwapo. Alifungua mtoto wa meza wa kaka, akakuta hii isiyo na jina, vishimo vimevunjwa. Alidhani ni muziki wa dansi. Aliziba vishimo kwa haraka, huku analia.

“Sikuisikiliza kwanza,” alisema. “Hata sekunde moja. Picha zake ninazo mbili. Sauti yake nilikuwa nimeshaisahau.”

Bi Koma alisema asamehewe. Hakutaka kumtwisha mzigo.

“Ungeniachia ile haisikiki,” Fundi alimjibu, “ningekuoa hivyo hivyo. Halafu kila nikiiweka, wewe ungekuwa unasikia na mimi sisikii, tumekaa viti viwili. Huoni tungekuwa watatu humu ndani?”

“Tuko watatu tayari.”

Huenda alitaka kumchekesha. Fundi alicheka kweli, kicheko kifupi kilichokatika katikati. Kisha akachukua bisibisi ndogo kuliko zote, ile ya skrubu za miwani, akaingiza ncha yake chini ya selotepu na kuibandua polepole, kama anayetoa kitu jichoni. Ilitoka nzima. Vishimo vikabaki wazi kama vilivyoachwa na mwenyewe.

Akaiweka redioni mara moja zaidi. Safari hii alifumba midomo na kuibana kwa vidole viwili, akasikiliza. Kinanda kilitembea ndani ya nyumba yake. Ngoma zikaingia. Ikaja filimbi, na Bi Koma, aliyekuwa akimtazama yeye tu, aliona mabega yake yakishuka, akajua kwamba sasa anasikia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Na katika lile pigo tupu, ndani ya chumba, mtu akasema: “Saba.”

Haikuwa sauti kubwa. Kwenye kaseti mwenye kuhesabu alicheka, akaanza tena moja, na hakupotea tena hadi mwisho wa upande.

Walioana baada ya miezi mitatu. Kaseti iko kabatini, katika kijaluba chake, na haijawekwa tena redioni. Santuri yenyewe Bi Koma alikuja kumtafutia mumewe, na wakiisikiliza hiyo, anasema, hakuna anayehesabu. Naye amejifunza kuupenda muziki ule hata pale mguu unapobaki hewani.

Nilizungumza na kila mmoja peke yake, katika siku mbili tofauti, na kila mmoja nilimuuliza ni nani aliyesema saba. Fundi alisema ni mke wake, na kwamba alimpendea hilo kuliko yote aliyomtendea. Bi Koma alisema ni mume wake. Kisha akafikiri kidogo, akaniomba nisimweleze mumewe kwamba nimemuuliza, kwa kuwa wakati ule yeye alikuwa akimtazama mumewe midomo, na ilikuwa imebanwa.