Gemu Zilivuka Kwanza

Baba yangu alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa la Wasabato mjini Homa Bay, na mwandishi wa habari za wafu. Kazi hii ya tatu hakuiomba. Kwetu mtu hazikwi kimya kimya. Lazima wasifu wake usomwe mbele ya jeneza: alizaliwa wapi, alisoma hadi darasa la ngapi, alioa wangapi na kwa mpangilio upi, aliugua lini, nani alimpeleka hospitali na nani alisema siku hiyo ana mkutano. Wasifu ukiwa mfupi, waombolezaji huangaliana. Watasema ama marehemu hakuishi, ama watoto wake hawakumjali.

Baba alipata kazi hiyo kwa sababu alikuwa na kompyuta. Aliachiwa na Mzungu mmoja, mwalimu mwenzake, mwanzoni mwa miaka ya tisini alipokuwa akirudi kwao. Alituachia kwa upendo mkubwa, upendo wa mtu asiyetaka kulipia mzigo kwenye ndege. Ilikuwa kibodi nene yenye ubongo ndani yake, runinga ndogo ya maandishi ya kijani, na diski pana laini ambazo ukizikunja kidogo zinakususia. Ndani ya sanduku kulikuwa na gemu saba. Baba hakuziona. Mimi niliziona siku ya kwanza.

Basi habari zikaenea kwamba kwa mwalimu kuna mashine inayotunza maisha ya watu, na walio hai wakaanza kuja wenyewe. Hao walikuwa wasumbufu kuliko wafu. Mzee mmoja alikuja kurekebisha matokeo yake ya mtihani wa darasa la nane, mtihani alioufanya kabla mama yangu hajazaliwa. Mwingine alikuja Jumatatu kumfuta mke wa pili na akarudi Alhamisi, akiwa na macho mekundu, kuomba arudishwe. Mchapaji nilikuwa mimi, kila likizo, kwa sababu vidole vya Baba vilikuwa vya chaki.

Kulikuwa na sharti moja. Wasifu wa mtu aliye hai hauchapwi kwenye karatasi. Ubaki mle mle kwenye mashine. Karatasi inayomwita mtu marehemu huku bado anakula ugali wake ni kumwitia kifo, na hakuna aliyekuwa tayari kuijaribu. Baba alihubiri kila Sabato dhidi ya ushirikina, na alikuwa anahubiri vizuri sana. Lakini printa hakuiwasha hata siku moja kabla ya msiba. Maandishi ya kijani hayakuhesabiwa. Ule ulikuwa mwanga tu.

Dani yangu, mama yake Baba, alikuja kwetu kutoka kisiwa cha Rusinga kutibiwa macho nikiwa na miaka kumi na sita. Daktari akasema asubiri. Akasubiri mwezi mzima wa Desemba, na kwa kuwa hakuweza kushona wala kuchambua mboga, akaamua kunisimulia wasifu wake. Kila alasiri aliketi nyuma yangu kwenye kiti cha kamba na kusema, mimi nikichapa. Hakuanza na kuzaliwa. Alianza na siku aliyovushwa ziwa kuolewa, kisha akarudi nyuma, kisha akaruka mbele. Wakati mwingine alinyamaza muda mrefu, na mimi nikashukuru, maana kimya hakichapwi. Alijaza diski nzima na nusu ya nyingine.

Ningependa kusema niliguswa. Ukweli ni kwamba nilichapa kama karani wa mahakama aliyebakiza dakika kumi kwenda chakula cha mchana. Akili yangu ilikuwa kwenye gemu ya nyoka. Nilikuwa nimefika kiwango cha tisa, na dani akishamaliza ndipo mashine iwe yangu. "Nyakwara, umeandika hilo?" aliniuliza mara kwa mara, akiniita mjukuu kwa Kijaluo. "Nimeandika, dani." Na kweli nilikuwa nimeandika.

Mwaka uliofuata, shangazi yangu wa Migori, dada wa Baba aliyeolewa na Mkatoliki na kuwa Mkatoliki kuliko mumewe, alifungua ofisi ya kuchapa barua karibu na stendi. Akanunua kompyuta mpya, yenye madirisha, kipanya na rangi. Ya Baba ilikuwa imeanza kunuka ikiwaka, na herufi zilikuwa zinapotea pembeni. Shangazi akasema lete watu wako huku wahamie nyumba nzuri. Tatizo ni kwamba diski zetu pana hazikuingia kwenye kile kitundu kidogo cha mashine yake, na hata zingeingia, lugha ya ndani ilikuwa nyingine kabisa. Shangazi alimpata fundi, kijana mpole aliyewahi kufanya kazi na simu. Huyo akasema ataunganisha mashine mbili kwa waya na kupitisha faili moja baada ya nyingine.

Tukaifunga mashine kwa blanketi na kuipeleka Migori siku ya Ijumaa. Barabara ya wakati huo sitaieleza. Inatosha kusema kwamba mashine ilitetemeshwa vya kutosha kwa maisha yake yote.

Fundi alianza saa nane mchana. Alimweleza Baba kwa heshima: "Mwalimu, hii kitu inapita pole pole. Maandishi yatafika sawa, herufi ni herufi. Lakini program ya hii haiwezi kufanya kazi kwa ile. Hizo tuachane nazo."

"Mimi sijui program," Baba alisema. "Huyu binti yangu ndiye anaijua hiyo mashine. Nyara, mwanangu, mwambie tunaanza na nini."

Nataka ieleweke kwamba niliulizwa mimi, waziwazi, mchana, nikiwa nimeshiba. Nikasema kwa sauti ya mtaalamu kwamba tuanze na faili saba ndogo, za kujaribu waya. Nilikuwa nimezipa majina yangu mwenyewe. Fundi aliniangalia, akaangalia majina, akaniangalia tena. Nafikiri alielewa. Lakini alikuwa mpole, na mimi nilikuwa binti wa mwalimu. Kuhusu program kutofanya kazi upande wa pili, sikumwamini. Nilikuwa nimefika kiwango cha kumi na nne. Mtu wa kiwango hicho haambiwi kitu na fundi wa simu.

Kila gemu ilichukua zaidi ya nusu saa. Shangazi alileta chai, Baba akalala kitini akaamka, na namba zilipanda kwenye kioo taratibu. Ya saba ilikamilika jua likiwa limefika kwenye mabati ya duka la ng'ambo. Fundi akaweka diski ya kwanza ya dani. Ilikuwa haijafika hata robo Baba aliposimama na kuangalia nje.

"Jua linaingia," alisema. "Zima."

Shangazi akacheka. "Mwalimu, si ni waya inafanya kazi? Wewe umekaa tu."

"Amri inataja hata mnyama wako apumzike, hata mgeni wako. Hii mashine ni yangu, na huyu kijana ni mgeni. Zima."

"Basi niiache ifike mwisho wa hii moja tu, mwalimu," fundi aliomba. "Ikikatwa katikati haihesabiki."

Baba hakubishana. Aliinama mwenyewe, akachomoa waya wa umeme ukutani, na kutuimbisha wimbo wa kuikaribisha Sabato. Niliimba. Nilikuwa na furaha, maana zangu zilikuwa zimevuka.

Jumamosi tulikaa kanisani mchana kutwa. Jua lilipozama fundi alikuwa ameshasafiri kwa mjomba wake. Jumapili ilibidi kwanza aende misa, na shangazi pia. Kwa hiyo, kati ya dini mbili zilizopendana sana, ile mashine ilipewa mapumziko ambayo haikuyaomba. Saa saba mchana Jumapili fundi aliiwasha. Ikalia mlio mmoja mkavu, ikatoa moshi na harufu ya nywele zilizoungua, na runinga ya kijani ikawa nyeusi. Aliifungua, akaipuliza, akabadilisha hiki na kile hadi jioni. Kisha akafuta mikono yake kwa kitambaa na kusema, "Mwalimu, pole sana," kama wanavyosema wauguzi.

Hapakuwa na mashine nyingine ya aina ile, ya kuzisoma diski zetu, Nyanza nzima. Tulimwandikia Mzungu. Baada ya miezi kadhaa akatuma kadi yenye picha ya theluji, akitusalimu sote.

Lakini siku ile Baba alitaka kujua angalau nini kimevuka. Akavaa miwani, akasogea kwenye kompyuta mpya, akasoma orodha kwa kidole. "Nyoka," alisoma. "Nyoka ni nani?"

Nilianza kukunja waya.

"Roketi. Huyu ni wa ukoo gani?"

Fundi akatoka nje kuangalia kitu kisichokuwepo. Shangazi ndiye aliyebonyeza lile la kwanza lifunguke. Kioo kikajaa alama: nyuso, mioyo, mistari na maswali, ukurasa kwa ukurasa. Gemu zangu zote saba zilikuwa hivyo. Baba aliangalia kwa muda, kisha akavua miwani. Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Aliniambia tu, "Utaenda Rusinga umwambie wewe mwenyewe."

Nilienda. Macho ya dani yalikuwa yameshazimika kabisa, akanishika mkono ili ajue nimekonda au la. Nilimweleza yote, hata nyoka, na nililia. Nikamwambia nimeleta daftari, safari hii nitaandika kwa kalamu kama anaruhusu karatasi, tuanze upya.

Alilipapasa lile daftari. Kisha akataja jina lake, jina la baba yake, mahali alipozaliwa, kijiji alikoolewa, idadi ya watoto walio hai. Mistari sita.

"Na yale mengine, dani?"

"Yale nilishayatoa," alisema. "Nilidhani mmeyaweka."

Nilimbembeleza siku tatu. Alinipikisha samaki, akaniuliza habari za shule, akanichekesha. Hakuongeza hata neno.

Alifariki miaka miwili baadaye, na wa kusoma nilikuwa mimi. Nilisoma mistari sita, nikaongeza ugonjwa, nikaongeza daktari, nikasoma polepole kadiri nilivyoweza. Watu waliangaliana. Baba aliangalia chini.

Baada ya mazishi, mke mwenza wa dani, aliyeishi naye boma moja karibu miaka hamsini, aliniita kwenye kivuli cha nyumba yake.

"Mbona hukusoma habari za yule mtoto aliyempoteza?"

"Mtoto gani, dani?"

"Aliniambia alikusimulia. Alisema hakuwahi kumwambia mtu mwingine jina la huyo mtoto, hata mimi, na kwamba wewe umeliandika. Si ni wewe uliyeandika?"

Nikasema ndiyo, ni mimi.