Baiskeli ya Mashine na Maiti Nisiyemjua

Magoti yangu yalizeeka kabla yangu mimi. Nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Mbweni, kazi ya kusimama kutwa na mashuka yaliyolowa, na kila siku nilikwenda kwa baiskeli kutoka Mji Mkongwe. Zamani ilikuwa nusu saa. Mwaka jana ikawa saa nzima, na kusimama mara tatu njiani nikijifanya natengeneza cheni. Sikumwambia mtu kazini. Dobi akishasema magoti yanamuuma, kesho atakuta kijana kasimama mahali pake.

Basi nilipochelewa mara ya kwanza, mkuu wetu wa zamu, mama mmoja wa Bara asiyependa maneno mengi, aliniuliza kulikoni. Nikamwambia nilikuwa nazika. Kwetu hakuna udhuru unaoushinda huo. Nani atakukataza kuzika? Akanipa pole. Mara ya pili nikamzika ami yangu. Ami yuko hai, anakaa Chwaka, na meno yake yote anayo. Mara ya tatu nikamzika tena yeye yuleyule, kwa kusahau, na hapo yule mama akaweka kalamu chini.

"Mzee, ami yako anakufa mara ngapi? Ukichelewa tena, sare uniachie hapa."

Hiyo ndiyo sababu ya baiskeli ya mashine. Wengine huunda vitu kwa kutaka sifa. Mimi nilikuwa nimechoka tu. Mtunza bustani alikuwa ametupa mashine ya kukatia majani iliyovunjika mpini, nikamwomba, nikaibeba nyumbani kwenye gunia. Siku zangu zote za mapumziko ziliishia kwa fundi wa kuchomelea kule Mwanakwerekwe. Tuliifunga injini juu ya gurudumu la nyuma, ikazungusha kipande cha bomba kilichosugua tairi, na tairi ndilo likasukuma baiskeli. Petroli tuliitia kwenye kidumu kilichokuwa cha mafuta ya kupikia. Klachi ilikuwa imekwisha, fundi akaunganisha moja kwa moja.

"Sasa nisikilize," akaniambia. "Hii ukisimama, inazimika. Kuiwasha tena mpaka upige pedeli kwa nguvu, au upate wa kukusukuma. Usisimame njiani."

"Nsimame kwa ajili ya nani?" nikamjibu.

Mke wangu aliizunguka pale ukumbini, kanga puani kwa harufu. "Hii nnaona itakufikisha ahera kabla ya Mbweni," akasema. Lakini asubuhi ya Jumatatu nilimkuta ameshanipigia pasi sare yangu nyeupe, bila ya kuombwa.

Zamu ilikuwa inaanza saa nane mchana. Nilisali adhuhuri, nikaikokota baiskeli vichochoroni mpaka barabara kubwa, nikapiga pedeli huku nimeuma meno. Injini ikakohoa, ikashika. Ghafla miguu yangu haikuwa na kazi. Imetulia tu, na nyumba zinapita. Nilifurahi, nisiseme uongo. Machozi yalinitoka kidogo na nikausingizia upepo. Nilitazama saa: saa saba na dakika ishirini. Nitafika mapema, nikawaza, nitakaa kwenye benchi pale nje kama mtu mwenye afya yake.

Mbele yangu likatokea jeneza.

Wote tunajua desturi. Jeneza halipitwi. Mwanamume akikutana nalo hushuka, hutia bega hatua chache, mwengine humpokea, naye huenda zake. Madereva walikuwa wameshasimama. Mimi nilikuwa nanguruma. Nikageuza uso upande wa pili, nikasema moyoni mwangu Mungu anayajua magoti yangu. Kisha nikawahesabu waliobeba. Walikuwa sita, na nyuma yao hakuna mtu. Baba yangu tulimbeba watu wengi mpaka tukagombea kutia bega.

Nikashika breki. Injini ikafa.

Niliegemeza baiskeli ukutani, nikampokea mzee mmoja aliyekuwa akihema. Nilitaka hatua saba tu. Nikazitimiza, nikageuka kutafuta wa kunipokea, sikumwona. Yule mzee alikuwa anajikokota nyuma, mkono kiunoni.

"Hana watu," mwenzangu wa mbele akasema bila ya kugeuka. "Alipanga chumba kwetu."

Basi nikambeba mpaka makaburini. Kila hatua goti la kulia lilikuwa linanitukana. Huko nako hakukuwa na mikono ya kutosha, nikaingia kaburini mpaka kwenye mwanandani kumpokea, nikafukia kwa jembe nililopewa, nikaitikia dua. Walinisindikiza mpaka kwenye baiskeli, na wawili wakanisukuma mbio, kanzu wamezikunja viunoni, mpaka injini ikashika. Sikumbuki kama niliwashukuru.

Nilifika saa tisa na robo. Mkuu wa zamu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, na wenzangu wawili nyuma yake.

"Leo umemzika nani?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

"Simjui," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja wao akashika ukuta. Yeye mwenyewe alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha, akanyoosha mkono. Ningesema nini, na ami yangu nilishammaliza? Nilivua shati la sare, nikabaki na fulana, nikalikunja vizuri kama ninavyokunja mashuka, nikampa.

Alilikunjua. Begani na mikononi lilikuwa jekundu kwa udongo wa kaburi.

"Dobi mzima," akasema, "hata kulifua hukulifua."